Kadi ya Chiriku

Tarehe 6 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako na ngazi za nyumba yako wamepatana. Sisi huku hatujambo, ukiondoa hilo nitakalokueleza. Mume wangu bado yuko kwenye karakana yake ya kuchomelea vyuma, anarudi jioni amejaa masizi hadi kwenye kope. Chiriku anaendelea kustahili jina lake. Juzi mwalimu wake wa darasa la pili alimwambia anyamaze dakika tano kwa saa ya ukutani. Alikaa mbili, kisha akanyoosha mkono kuuliza kama dakika alizokuwa amenyamaza jana zinaweza kujumlishwa. Ndiye mjukuu wako huyo.

Ningekupigia simu kama masikio yako yangekuwa yale ya zamani, lakini mara ya mwisho tulipojaribu nilisikiliza dakika kumi na mbili za "haloo, nani mwenzangu?" Basi tuendelee na barua, ingawa jambo la leo lilitaka mbio kuliko posta.

Shuleni kumeingia surua. Wiki iliyopita waliniletea ofisini mtoto wa darasa la nne, macho mekundu, pua inatiririka, anakohoa hadi anashika meza. Nikadhani ni mafua. Siku ya tatu vipele vikatoka nyuma ya masikio, vikashuka usoni. Leo wako saba, na madawati yangu yanakaliwa na watoto watatu watatu.

Nimetangaza kila mtoto alete kadi ya kliniki. Kati ya watoto mia nne na kumi na wawili, zimefika kadi mia moja thelathini na nane. Wengi kosa si lao: kituo cha afya cha hapa kilikaa miaka minne friji yake imekufa, na chanjo bila baridi ni maji tu. Wengine wana sababu nyingine, na sababu hiyo ina cherehani. Mbele ya geti letu kuna mshonaji wa sare. Kila mzazi lazima apite kwake, na wakati utepe wa kupimia umezunguka kifua cha mtoto, yeye anamwambia mama mtu asidanganyike na sindano. Si mtu mbaya, Shangazi. Hakuna mshono wake uliowahi kufumuka, ndiyo maana wanamwamini kuliko mimi.

Bahati nzuri nina mfano wa kuwaonyesha. Nimebandika kadi ya Chiriku kwenye mlango wa ofisi, ile uliyoijaza kwa mkono wako, herufi zimenyooka kama askari wa gwaride. Imebaki nafasi moja tu, ya dozi ya pili ambayo friji ilitunyima. Kila mzazi anayeingia namwambia aliyeijaza ni muuguzi aliyefanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja. Wewe hujui tu unavyonisaidia ukiwa umekaa kwako.

Sasa nipe akili. Nifunge shule? Niwafukuze wasio na kadi? Nianzie wapi?

Mwanao,
Mwalimu Mkuu


Tarehe 13 Februari

Mwanangu Mwalimu Mkuu,

Marahaba. Goti na ngazi bado wana kesi, na shahidi ni mimi ninayepanda kinyumenyume. Jirani yangu muuza magodoro amenipa godoro lenye kasoro, kasoro yenyewe siioni, labda imelala upande wa chini. Mengine ni mazima. Nimecheka peke yangu kwa hayo ya Chiriku hadi jirani akaja kuchungulia.

Sasa sikiliza, maana hapa sichezi.

Usifunge shule. Ukiifunga watoto watakwenda kucheza pamoja kwenye ua wa huyo mshonaji wako, nawe hutawaona wakiugua. Simama getini kila asubuhi, wewe mwenyewe, usimtume mtu. Mwenye homa na macho mekundu asivuke. Mtoto wa surua anaambukiza siku nne kabla ya vipele na siku nne baada ya vipele, kwa hiyo akishaota vipele hesabu siku nne ndipo arudi. Madirisha yote wazi. Ugonjwa huu haungoji kuguswa. Mgonjwa akitoka chumbani, wenyewe unabaki ukielea hewani hata muda wa saa mbili. Wanaougua wapelekwe wakapewe vitamini A siku mbili mfululizo, inaokoa macho, na inaokoa zaidi ya macho. Anayepumua kwa kuvuta mbavu usimwambie mama yake angoje kesho.

Na uandike leo hii kwa watu wa afya waje na chanjo. Wakija, wachanje wote. Nimesema wote. Mwenye kadi na asiye na kadi, dozi ya ziada haimdhuru mtoto mzima. Chiriku awe wa kwanza kwenye foleni, mbele ya macho ya wazazi.

Ile kadi ibandue mlangoni. Mlango si mahali pa kadi ya mtoto.

Usiniulize kwa nini, mimi ni mzee na wazee tuna ukaidi wetu. Fanya tu.

Shangazi yako


Tarehe 20 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilichukua siku tano, nami nimeisoma nimesimama getini, kwa sababu ndiko ninakoishi siku hizi. Mume wangu anasema akitaka kuniona itabidi avae sare. Amenichomelea kiti cha chuma pale getini nipumzishe miguu, ila sijakikalia bado.

Tumefika kumi na tisa. Wawili wamelazwa, mmoja kwa kifua, mwingine kwa kuharisha. Hakuna tuliyempoteza. Nimefanya yote uliyosema ya madirisha, ya siku nne na ya vitamini. Chumba cha stoo nimekifanya mahali pa kungojea: mtoto akiugua katikati ya masomo anakaa humo hadi mzazi wake aje. Walimu wangu wanakiogopa chumba hicho, wawili wana vichanga nyumbani. Basi anayewapa maji wagonjwa humo ni Chiriku. Usishtuke. Yeye ndiye mtu pekee katika shule nzima ambaye nina uhakika kadi yake haidanganyi. Anaingia na jagi, anawasimulia hadithi zisizo na mwisho, anatoka. Mtoto mmoja alisema homa yake ilipungua ili apate nafasi ya kumjibu.

Watu wa afya wanakuja tarehe 4 Machi na dozi mia moja hamsini. Ndizo zilizopo kwa sasa. Kwa hiyo wenye kadi watangoja awamu ya pili, na Chiriku atangoja nao. Sitamchukulia mwanangu dozi ya mtoto asiye na chochote, na mimi ndiye mwalimu mkuu. Watasemaje? Kwa hilo naomba radhi, Shangazi, sikukutii. Na kadi bado iko mlangoni.

Juzi niliita mkutano wa wazazi. Walikuja ishirini na sita. Nilieleza, nikajieleza, nikamalizia kwa kuwaonyesha kadi. Mshonaji akasimama nyuma kabisa, utepe wake shingoni. Hakupiga kelele. Alisema:

"Mwalimu, mimi nilikuwa na kadi kama hiyo. Imejaa juu mpaka chini, mihuri yote. Mwanangu wa kwanza alipofika miaka minne, surua ikamchukua. Nikaenda na kadi yangu hospitali nikauliza, mbona ameondoka na alichanjwa? Daktari akaangalia kadi, akaangalia chini. Mpaka leo nangoja anijibu. Sasa wewe unanionyesha kadi. Kadi naijua. Nijibu kwanza."

Nilisema kitu kuhusu kudra, nikajisikia mjinga. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na waliobaki walibaki kwa sababu ya mvua.

Shangazi, wewe ungemjibu nini? Na nieleze basi, kwa nini Chiriku achanjwe tena wa kwanza? Uliandika kwa namna ambayo siijui kwako.

Mwanao


Tarehe 26 Februari

Mwanangu,

Leo sina salamu ndefu.

Barua yako imefika asubuhi hii. Nilipofika kwenye jagi la maji nilisimama bila kukumbuka kama nina goti. Nimekwenda kwa muuza magodoro nikamwambia nipigie namba hii sasa hivi. Nimepiga kelele kwenye simu dukani mwake, wateja wakanikodolea macho. Sikusikia kitu. Nimesema mara tatu: Chiriku hajachanjwa, mtoe kwenye chumba hicho. Jirani alipoichukua simu akaniambia upande wa pili kulikuwa kimya, kisha ikakatwa. Kwa hiyo najua umesikia. Sasa nikueleze, maana kelele si maelezo.

Ulipokwenda kuripoti kazini huko uliniachia mtoto wiki tatu. Alikuwa ametimiza miezi tisa. Kliniki yetu ilikuwa na mtindo wake. Chupa moja ya chanjo ya surua ni ya watoto kumi, na ikishafunguliwa ina muda wa saa sita tu, kinachobaki kinamwagwa. Kwa hiyo tulihesabu akina mama asubuhi, tukajaza kadi zote kwanza, muhuri na tarehe, ndipo tukafungua chupa na kuchanja bila kusimama. Nani aliuanzisha mtindo huo? Mimi. Waliusifu wilaya nzima. Foleni yangu ilikuwa inaisha wakati kwingine hawajamaliza kuandika majina.

Wengine walikuwa wanaondoka katikati. Mtoto analia sana, mama anakumbuka jiko ameliacha linawaka, mwingine anaona foleni haisogei. Wanaondoka, na kadi mkononi imeshasema wamechanjwa. Jioni nilikuwa nikihesabu: kadi arobaini, dozi thelathini na nane. Nilikuwa najisemea watarudi wiki ijayo. Baadhi walirudi.

Chiriku nilimweka wa mwisho kwenye foleni, kwa sababu ni wa kwangu, na wa kwangu hapiti mbele ya watu. Chupa ya mwisho ikaishia kwa mtoto aliyekuwa mbele yake, na chupa nzima haifunguliwi kwa mtoto mmoja. Kadi yake ilikuwa imeandikwa tangu asubuhi. Nikasema Alhamisi nitamchanja. Jumatano ukaja kumchukua, una nyumba mpya, una kazi mpya, ukaiangalia kadi ukanikumbatia ukasema, "Shangazi, bila wewe ningekuwa wapi?" Nikafunga mdomo. Nikajiambia atapata dozi ya pili huko. Kila barua nilikuuliza dozi ya pili, na kila barua ukanijibu friji.

Wiki mbili zilizopita ningeweza kuyasema haya. Nilikuandikia "usiniulize kwa nini" badala yake. Nilipostaafu walinipa cheti mbele ya watu, wakasema kadi zangu hazina kosa hata moja, nami nikainama kupokea. Niliogopa kukipoteza. Ndiyo sababu yote, hakuna nyingine iliyojificha.

Barua hii ukishaisoma ichome.

Shangazi


Tarehe 15 Machi

Mwanangu,

Siku kumi na saba, na sanduku la posta ni tupu. Najua posta, na najua kwamba si posta.

Sikuandikii kuomba msamaha. Nitauomba siku nyingine nikiwa na uso wa kuuombea. Niandikie neno moja tu. Anapumua? Andika "ndiyo" kwenye kipande cha karatasi, usiweke hata jina lako.

Muuza magodoro alijaribu kukupigia mara nne. Anasema inaita.

Nimemfikiria sana yule mshonaji wako. Amezunguka na swali lake miaka mingi, na kila mtu mwenye muhuri ameangalia chini. Mimi simjui muuguzi aliyejaza kadi ya mwanawe, wala sijui kilichotokea siku hiyo. Chanjo yenyewe nayo hukosa mtoto mmoja mmoja, hilo ni kweli na aambiwe. Lakini najua jinsi kadi inavyoweza kujaa na mkono ukabaki bila sindano. Sisi wenyewe tulikuwa tunawaimbia akina mama kwenye benchi, mficha maradhi kifo humuumbua, na anayeongoza wimbo ni mimi.

Kwa hiyo, ile barua niliyokuambia uichome. Kama hujaichoma, msomee. Msomee mbele ya wazazi wote, na usiruke mahali. Jina langu lisome na kazi yangu isome. Watakaonicheka wacheke, watakaonitukana wana haki. Nimemwaga mtama kwenye kuku wengi, na safari hii nimeumwaga kwa makusudi.

Kama Chiriku hayupo, usisome chochote, wala usinijibu.

Shangazi yako


Tarehe 29 Machi

Shangazi,

Anapumua. Nimeanza na hilo ili usome mengine umekaa.

Shikamoo. Nimekaa mwezi mzima sikuamkii, na kila siku nimejua kuwa sikuamkii.

Ulipopiga simu nilikuwa stoo, na Chiriku alikuwa mbele yangu ameshika jagi. Nilisikia maneno yako mara zote tatu, nikamwangalia, nikaona macho yake. Yalikuwa mekundu tangu asubuhi na mimi nilikuwa nimemwambia aache kuyasugua. Kesho yake homa, siku ya tatu vipele. Chanjo ilikuwa bado siku kadhaa kufika, na hata ingekuwepo tulikuwa tumeshachelewa.

Nilikuchukia. Naliandika neno hilo kwa sababu umeniambia ukweli, na sitakulipa kwa adabu ya uongo. Nilikuchukia nikiwa kwenye benchi la wodi, nikakutungia barua tisa kichwani, na nashukuru Mungu hakuna hata moja iliyopata karatasi. Kifua kilimbana. Siku ya nne walimwekea hewa. Unajua kilichoniua zaidi? Ukimya. Siku tisa Chiriku hakusema neno. Muuguzi wa zamu alinipongeza eti nina mtoto mtulivu, nikatoka nje nikalia hadi mlinzi akaniletea kiti.

Siku ya kumi alifungua macho akasema, "Mama, sasa hivi nani anawapa maji?" Kisha akaniuliza maswali mengine kumi na manne, niliyahesabu. Sasa yuko nyumbani, shingo imekuwa nyembamba, anakula kama fundi wa ujenzi. Macho yake wameyapima, yanaona. Masikio pia.

Nikiwa wodini nilipata muda wa kujitazama na mimi. Wewe ulijaza kadi, lakini aliyemwingiza mtoto kwenye chumba kile kwa sababu ya karatasi ni mimi. Uliniambia nimchanje kwanza, uliniambia niibandue kadi. Nilikuwa na aibu ya watu, nawe ulikuwa na aibu ya watu, na katikati yetu tukamweka mtoto wa miaka minane. Kwa hiyo ule mzigo usiubebe peke yako, tumeshika kila mtu upande wake.

Tarehe 4 Machi walikuja na dozi mia moja hamsini. Nilikuwa wodini. Waliochanjwa ni sitini na watatu tu, boksi la barafu likarudi na zaidi ya nusu ya dozi. Naibu wangu aliniambia mshonaji alikaa dukani kwake mlango wazi, hakusema kitu, na hakuhitaji kusema.

Barua yako ya mwisho ilinikuta tarehe 20. Ile uliyoniambia niichome sikuichoma. Niliikunja ndogo sana, lakini sikuichoma. Nikapiga moyo konde, nikaita mkutano.

Safari hii walikuja zaidi ya mia mbili, kwa sababu habari ilikuwa imeenea kwamba mtoto wa mwalimu mkuu, mwenye kadi mlangoni, yuko hospitali. Walikuja kuniona ninavyoaibika, na sikuwanyima. Niliibandua ile kadi mbele yao. Nikasema, "Kadi hii ni ya uongo. Niliwaonyesha kitu ambacho sikukijua." Kisha nikaisoma barua yako, yote, kadi arobaini na dozi thelathini na nane, jina lako na cheti chako. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja tu alisema "lo!" pale uliposema uliinama kupokea.

Nilipomaliza nikamgeukia mshonaji. Nikamwambia sijui kama ndivyo ilivyokuwa kwa mwanawe, hakuna anayejua sasa, na chanjo nayo hukosa mtoto mmoja mmoja. Lakini huenda mwanawe hakuwahi kupata sindano. Huenda kadi ilisema na mkono haukupata.

Alikuwa akiviringisha utepe kwenye kidole, anaufungua, anauviringisha tena. Halafu akasema:

"Kwa hiyo huyo mama ni mzima?"

"Ni mzima," nikasema.

"Na amekubali lisomwe jina lake?"

"Ndiye aliyetaka."

"Miaka kumi na mmoja," akasema. "Miaka kumi na mmoja hakuna mtu wa dawa aliyeniambia 'nilikosea'. Hata kwa bahati mbaya." Akajifuta uso kwa kiganja, kwa nguvu, kama anayejikasirikia. "Basi waje. Ila safari hii mimi nakaa mezani. Hakuna kadi inayoandikwa mpaka nione pamba mkononi."

Na akakaa, Shangazi. Tarehe 26 walirudi na dozi za kutosha. Mshonaji alitoa kiti chake dukani, akakiweka kati ya anayechanja na anayeandika. Mtoto akishachomwa anakuja kwake, anainua mkono, yeye anaangalia pamba, anasema "andika". Ndipo kalamu inatembea. Kijana wa afya mwanzoni alinung'unika kwamba wanacheleweshwa. Mshonaji akamwambia, "Mimi nikiharakisha nakata kitambaa, wewe ukiharakisha unakata nini?" Wa kwanza kuchanjwa walikuwa watoto wake wawili, na yule mdogo alimng'ata muuguzi.

Mia mbili tisini na wanane kwa siku moja. Waliobaki wanatafutwa nyumba kwa nyumba, na anayeongoza kuzitafuta ni yeye, kwa sababu anajua kila anakoishi mtu anayedaiwa sare. Wagonjwa wapya wiki hii ni wawili, wiki iliyopita walikuwa tisa. Wote waliolazwa wamerudi nyumbani.

Mshonaji ameniuliza kama unavaa mikono mirefu au mifupi. Nitumie kipimo cha mkono wako.

Msamaha usiungoje uso, Shangazi. Nimeshautoa, ingawa asubuhi nyingine naamka bado nina hasira, na siku hiyo inabidi niutoe tena.

Mwanao


Tarehe 14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Marahaba mara thelathini, moja kwa kila siku uliyoninyima.

Barua yako niliisoma nimekaa, kisha nikaisoma nimesimama, kisha nikampelekea muuza magodoro aisome kwa sauti nione mdomo wake ukisema "anapumua". Amenipa na mto. Mikono mirefu, sentimita hamsini na nane, na mwambie mshonaji asijisumbue. Ukimwambia hivyo atashona haraka zaidi.

Nami nina habari. Siku niliyopokea barua yako nilikwenda kwenye kliniki yangu ya zamani. Anayeisimamia sasa ni binti ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kushika sindano. Nilimwambia yote. Nilikuwa na karatasi yenye majina kumi na moja, ya wale ninaokumbuka waliondoka kwenye foleni na kadi zimejaa, na sikuwahi kuwaona wakirudi. Mungu anisamehe wale nisiowakumbuka. Cheti nimekiacha juu ya meza yake. Amesema lazima apeleke taarifa juu, na kwamba wataniita. Nikasema waniite, ila wapige kelele. Hakucheka. Alikuwa na hasira na mimi, naye alijitahidi isionekane, kwa kuwa alikuwa akiniita mama.

Lakini kesho yake asubuhi alikuja kwangu na boksi la barafu begani. Akasema, "Twende, unaonyesha njia." Mtindo wa kujaza kadi kwanza ameupiga marufuku, na yeye pia huangalia pamba, hilo nilimsimulia njiani.

Tumekwenda siku sita, mimi na goti langu. Wawili wamehama, hakuna anayejua walikokwenda, majina yao yamepelekwa wilayani. Nane tumewapata. Mmoja sasa ni kijana ana ndevu, alinishika mkono akaniambia watu wote pale wanajua ni mimi niliyemchanja. Ilibidi nimwambie hapana, sikukuchanja, ndiyo maana nimekuja. Alishangaa, akavua shati. Nyumba ya nne mama mtu alinitukana, matusi ya haki kabisa, nami nilisimama hadi yakaisha. Mtoto alichanjwa.

Wa kumi na moja tulimfikia jana. Ni msichana, ana miaka kama ya Chiriku. Mama yake ndiye aliyefungua mlango. Alinitambua pale pale, akafurahi, akataka kutuingiza ndani tukae. Nikamwambia nisimame kwanza, niseme. Nikasema kadi ya mwanawe niliijaza mimi na mwanawe hakupata sindano, kwamba nilijua tangu jioni ile, na nimenyamaza miaka yote hii.

Furaha ikamtoka usoni, niliiona ikitoka. Aliangalia boksi la barafu, akaniangalia mimi, akasema kitu. Sikusikia. Nikamwomba aseme tena, akasogea karibu na sikio langu, karibu kabisa, akasema:

"Nakuuliza, bado hujachelewa?"

Nikamwambia bado.

Akageuka ndani akamwita mwanawe.

Shangazi yako